Aliyemwagilia Miche ya Masoud

Wapo wanaosema nilikuwa na homa. Wengine, wenye huruma kidogo, husema mjane huona mengi. Mimi nasema niliyoyaona niliyaona kwa macho yangu haya, mchana, jua halijazama, na mwisho wake sikuuona peke yangu. Kama ulikuwa wazimu wangu mimi, mama mkwe wangu aliuonaje? Basi kaa nikusimulie, halafu uamue mwenyewe.

Tulikuwa tukikaa Malindi, mjini Unguja, miaka ya hamsini, katika nyumba ya ghorofa moja yenye ua wa ndani. Tulikuwa watatu tu: mimi, mume wangu Masoud, na mama yake, Bi Zeyana. Watoto Mungu hakutujaalia. Masoud alifanya kazi bandarini, na alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa, nao ni kupanda miche ya matunda ya kigeni.

Doriani na shokishoki zilikuwapo mashambani, lakini yeye hakutosheka. Alitaka mangustini, tunda lenye ganda la rangi ya zambarau na nyama nyeupe kama pamba. Alilila mara moja melini, hakulisahau tena. Zikitia nanga meli zilizotoka Java au Selani alikuwa akiwabembeleza mabaharia wamletee kokwa zake. Na kokwa ya mangustini ina taabu. Ikikauka imekufa, huifufui hata ukaitia katika maji ya Zamzam. Kwa hiyo walimletea zimefungwa ndani ya makumbi ya nazi yaliyorowana, naye akifika nazo nyumbani hasubiri hata kuvua viatu. Alizipanda katika madebe ya samli aliyoyatoboa chini kwa msumari, akatia mchanga, majani yaliyooza na samadi kidogo, akayapanga uani upande wa kivuli. Nyingi zilioza. Zilizoota zilikaa mwaka mzima na majani mawili, haziendi mbele wala nyuma.

Nilikuwa nikimcheka. "Bwana, hayo matunda tutayala lini?"

"Sipandi nile," hunijibu. "Napanda nione kama itakubali."

Kila alasiri akirudi kazini huvua kanzu, hubaki na fulana na kikoi, huchota maji birikani kwa kata ya kifuu akamwagilia debe moja baada ya jingine, akisema nayo. Hiyo ndiyo iliyokuwa furaha yake.

Masika mamoja homa ilimshika. Hakukaa nayo sana. Tulimzika mvua inanyesha.

Nikaingia eda. Nguo nyeupe, hapana wanja, hapana udi, hapana kuvuka kizingiti, miezi minne na siku kumi. Kwetu mwanamke wa eda huitwa kizuka. Na jina hilohilo ndilo linaloitwa kile kinachozuka mbele yako usikijue kilikotoka. Kabla ya masika yale sikuwahi kuyaweka maneno hayo pamoja.

Waliokuja kutoa pole walipungua, kisha wakakatika. Tukabaki wawili, mimi na Bi Zeyana, kila mmoja anamficha mwenzake machozi. Miche niliisahau kabisa.

Alasiri moja mvua ilikuwa imekatika, mbingu bado nyeusi. Bi Zeyana alikuwa juu, amejilaza. Mimi niko chini chumbani, mlango wa uani uko wazi. Nikasikia kata inagonga ukingo wa birika. Ko. Kisha maji yanamwagika. Kisha tena, ko.

Nikatoka.

Alikuwa ameinama juu ya madebe, kanipa ubavu. Fulana yake. Kikoi chake cha mistari ya kijani, nilichokuwa nimekitoa sadaka kwa mikono yangu. Utaniuliza, hukukimbia? Sikukimbia. Niamini, mtu uliyemlilia mpaka sauti ikakauka, akikutokea, miguu haikumbuki kukimbia. Niliogopa kitu kimoja tu, nisije nikapumua kwa nguvu akaondoka.

"Bibi," akasema, bila ya kugeuka, "huu mche usiusogeze. Mzizi wake mmoja, mrefu. Ukiukata, umeuua."

Sauti yake. Maneno yake yaleyale aliyokuwa akiniambia kila nikifagia ua. Nikakaa kizingitini, nikalia kwa furaha. Alipomaliza kumwagilia akaniambia, "Usimwambie mama. Ataanza kulia upya." Nikapepesa macho, hayupo.

Tangu siku hiyo akawa anakuja kila alasiri Bi Zeyana akijilaza. Nilikuwa nikimngoja kama bibi harusi. Hakunigusa, wala hakunitazama uso kwa uso. Nilikuwa nikiona shavu lake na kofia yake, basi. Nilimuuliza habari za kaburi, hakunijibu. Nilimuuliza kama ananikumbuka, akasema, "Mimina pole pole, maji yasichimbe udongo." Siku zote ni miche tu. Na jina lake sikulitamka, kwani mke wa zama zile hakumwita mumewe kwa jina.

Miche ikaanza kukua. Ile iliyokaa mwaka na majani mawili ikawa kila nikiamka ina jani jipya, pana, jeusi kwa ubichi. Mmoja ulinifika kiunoni. Nami nilivyokuwa nikipungua! Chakula kilinishinda. Pete zikawa zinanivuka vidoleni. Nikichana nywele, zinabaki kitanani.

Bi Zeyana alidhani ni huzuni. Lakini siku moja alishuka asubuhi, akasimama mbele ya madebe kwa muda mrefu.

"Nani anaimwagilia hii?"

"Mimi, mama."

"Wewe kikombe cha chai chakutetemeka mkononi, kata ya maji utaiinua?"

  Alinitazama vile anavyotazamwa mtoto anayesema uongo huku ana homa.

Alasiri ile Masoud, au niliyemwita Masoud moyoni mwangu, aliniambia, "Kesho tuipeleke miche shamba. Itakufa humu, madebe yameshakuwa madogo." Alikuwa na kipande cha shamba Mangapwani, alichorithi, si mbali na pango la maji la huko. "Tutakwenda mimi na wewe. Chukua huu mkubwa. Nifungulie mlango, nami ntakuongoza."

Jiulize, mtu anayeingia uani pasipo mlango, ana haja gani ya kufunguliwa mlango? Leo najiuliza. Siku ile sikujiuliza. Eda yangu haijesha, nami niliona ni haki yangu kutoka na mume wangu.

Kesho yake mvua ilirudi. Nilijitanda kanga, nikalikumbata lile debe la mche mkubwa, nikapita naye ule ujia mwembamba unaokwenda mlango mkubwa. Debe lilikuwa jepesi ajabu. Yeye alitangulia, akasimama ubavuni mwa mlango, kanipa mgongo. Nikaweka debe kiunoni, nikanyoosha mkono kwenye komeo.

Hapo ndipo nilipoisikia ngazi inalia nyuma yangu. Bi Zeyana hakuwa amelala. Alikuwa amekaa gizani juu ya ngazi tangu adhuhuri, akiningoja. Akashuka hatua moja, akamuona. Nilimsikia akivuta pumzi, nikajua amemuona. Yule alikuwa mwanawe wa pekee, mgongo ule ameubeba, ameuosha, ameukanda.

Akamwita kwa jina, kama alivyokuwa akimwita kutoka juu kila siku ya maisha yake:

"Masoud!"

Naye akaitika, kwa sauti ya Masoud hasa:

"Abee."

Wewe ni Mswahili, huna haja ya kuelezwa. Mwanamke akiitwa ndiye anayesema abee. Mtoto wa kiume kwetu hufundishwa kuitika naam kabla hajajua kula peke yake, na Masoud kwa mama yake hakuwahi kuitika vingine.  Mkono wangu ulikuwa umeshashika komeo.

"Mwanangu haitiki hivyo," Bi Zeyana akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama inatoka kisimani. "Wewe si mwanangu. Muache mtoto wa watu."

 Kile kitu kikasema, pole pole, kama anayejaribu kiatu, "Naam." Kikarudia, "Naam, mama." Na mara ya tatu, wallahi, ilikuwa ni yeye. Ilikuwa na ule mkwaruzo wa kooni aliokuwa nao tangu utotoni. "Naam, mama. Mvua inaninyeshea, mama. Nifungulieni." Na ujia ule una dari, haliingii hata tone.

Bi Zeyana aliziba masikio kwa viganja viwili. Akaanza kusoma Ayatul Kursiyyu, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa kupiga kelele, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, akishuka ngazi moja moja mpaka akanifikia, akaning'oa mkono kwenye komeo. Nilipotazama tena, ubavuni mwa mlango pana ukuta tu.

Debe liliniponyoka. Mche ukalala sakafuni, na mizizi yake imejaa debe zima, udongo hamna hata ukucha. Katikati ya mizizi ile ilikuwapo kokwa. Niliiokota. Ilikuwa kavu, nyeusi, inacheza ndani ya ganda lake. Kokwa iliyokufa zamani, na juu yake mti unaofika kiunoni.

Asubuhi miche yote ilikuwa imenyauka, kama iliyomwagiwa maji ya moto. Mwalimu wa jirani alikuja akasoma, watu wakayachukua madebe kwenda kuyatupa baharini. Nilimaliza eda yangu kitandani. Nywele zilizoanguka hazikuota tena vizuri, na mume mwingine sikumtaka. Msimu wa doriani ukifika, harufu ikienea Darajani, hujifunga mtandio puani nikapita njia nyingine.

Lakini si mimi niliyeumia zaidi. Bi Zeyana aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila masika mvua ikigonga mlango alikuwa akiniuliza neno lilelile: "Na ile naam ya mwisho, mwanangu, kama ilikuwa yake? Kama nimemwacha mvuani?" Nilikuwa nikimwambia haikuwa yake. Hakuniamini hata siku moja. Alikufa akiniuliza.

Basi nawe, ukifiwa, lia mchana, lia na watu. Akikujia mpenzi wako akakwambia usimwambie mtu, mwambie mtu siku hiyohiyo. Usingoje akuombe mlango. Na ujiweke tayari, kwani kumfukuza utamfukuza akiwa na uso wa mtu wako na sauti ya mtu wako, na wewe ndiye utakayebaki na sauti hiyo masikioni mpaka uzikwe.