Taa Iliyozimwa Mlandege

Mimi si mtu wa kuamini mafundi. Fundi akiniambia "imekaa sawa," mimi ndiyo kwanza nafungua boneti. Na gari lenyewe halikuwa la kuchezea. Lilikuwa la marehemu baba, saluni ya zamani ambayo injini yake haikufunguliwa hata mara moja mpaka anaingia kaburini. Mume wangu ndiye aliyenibembeleza tulifunge turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa iongeze nguvu. Wiki nzima ananibembeleza! Nikakubali kwa sharti moja tu: injini ya baba isife. Ikifa, nilimwambia, mimi na wewe hatutaelewana tena.

Turbo ilitaka kontroboksi mpya, ile kompyuta inayoiamuru injini inywe mafuta kiasi gani na moto wa plagi uwake wakati gani. Pale Mbeya hatukupata wa kuipanga, tukaelekezwa kwa fundi mmoja wa Mlandege, Iringa. Kijana mpole, sauti ya chini, kila akifungua mdomo ni "dada." Upole ule ulinitia shaka siku ileile. Nilipomwomba anifundishe nami, alisita, akamtazama mume wangu, ndipo akaniwekea programu kwenye kompyuta ninayoandalia masomo ya wanafunzi wangu.

Nilijifunzia nyumbani Mbeya, asubuhi za baridi, nimejifunga khanga mbili juu ya sweta, kompyuta mapajani, waya umeingia chini ya dashibodi. Mwanzoni niliona vyumba vya namba tu. Nikiongeza hapa, injini inakohoa. Nikipunguza pale, inazimika kabisa. Siku nilipoifanya itulie bila kutetemeka gari likiwa limesimama, jamani, nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Kilichonikera ni mstari mmoja kwenye kioo cha kompyuta. Kuna sensa inayosikiliza injini isije ikaanza kugonga, maana injini ikigonga kwa muda pistoni hupasuka. Nilikuwa nimesoma kwamba ukigonga chuma cha injini kwa spana, mstari wa sensa hiyo lazima uruke. Nikagonga. Mstari umelala. Nikagonga kwa nguvu mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Umelala vilevile. Nikapekua menyu moja baada ya nyingine hadi nikaona: sensa haikufa, ilikuwa imezimwa na mtu, pamoja na taa yake ya onyo.

Huku kwetu kuzima taa ni kazi ya kusifiwa. Mtu anapeleka gari taa ya injini inawaka, anarudishiwa taa imezimika, anashukuru, na fundi anapata jina. Wapo wanaong'oa balbu kabisa. Kwa hiyo nilijua nimemnasa mtu wangu. Nikampigia simu. Akasema mambo hayo si ya kwenye simu, niende Iringa, na nisiende peke yangu, niende na mzee wa nyumbani, yaani mume wangu. Nikajisemea, huyu anatafuta wa kumkingia kifua.

Niliiwasha sensa, nikaiwasha na taa, sikumwambia mtu; mume wangu nilimwambia tu kwamba fundi hakuipanga injini vizuri. Jumamosi tukaondoka, mume wangu kwenye usukani. Njia nzima nilikuwa nampangia fundi maneno: mwongo, mharibifu, upole wa bure. Mume wangu akawa ananiitikia, kweli, kweli kabisa, mke wangu. Baridi ya Mbeya ilikuwa imeisitiri ile injini isigonge. Tulipoteremka bonde la Usangu joto likatupokea, na tulipopita Chimala akakanyaga mafuta ili alipite lori la mpunga. Taa ikawaka.

Aliinua mguu haraka. Lakini hakutazama geji, wala hakusikiliza injini. Alinigeukia mimi.

"Nani amekuambia?"

Hakuuliza taa hiyo ni ya nini.

"Kaniambia nini?"

Aliliacha lori litutangulie mbali. Kisha akasema, macho barabarani, kwamba fundi alitaka kupunguza nguvu ya turbo ili injini isigonge, naye ndiye aliyekataa. "Nilimwomba aizime. Ungeiona inawaka, ungeing'oa turbo siku ileile."

Ningeing'oa, ndiyo. Alinijua vizuri. Niliumia mno, na nilichoumia zaidi ni zile "kweli kabisa" alizokuwa akiniitikia tangu Uyole, mwanzo wa safari, huku mimi namtukana kijana wa watu.

Nilimwambia asimame. Akasimama pembeni, nikazunguka hadi mlango wake, nikaufungua.

"Shuka. La baba naliendesha mimi."

Aliteremka, akazunguka kukaa nilipokuwa mimi. Nikasogeza kiti mbele, nikarekebisha vioo, nikaligeuza gari kurudi Mbeya. Iringa sikuwa tena na mtu wa kugombana naye.