Treni Iliyokataa Kwenda Kwao

Juzi mama mmoja aliniletea redio niitengeneze hapa kibandani kwangu Garsen. Hata hajaketi, ameshasema ni mtoto wake kaiharibu. Nikamkata kwa ukali: "Mama, umeifungua ukaona? Basi usimtaje mtoto!" Akaniangalia kama nimepandwa na kitu. Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Lakini zile za juzi zilikuwa za zamani, na hazikuwa za yule mama.

Nililelewa na nyanya kando ya mto karibu na Golbanti, sisi watu wa kuvua samaki, mimi na yeye tu. Mama alifanya kazi za nyumba Malindi, na mwaka mmoja akaniletea boksi walilolitupa matajiri wake: treni ya kuchezea, reli zake, na swichi moja, yaani kile kipande cha reli kinachosogea ili treni ipinde kushoto au kulia. Umeme hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kuunguza vidole. Jirani akanipa betri kuukuu ya pikipiki.

Kiangazi wafugaji waliteremsha ng'ombe mpaka mtoni. Ndipo alipokuja rafiki yangu, mtoto wa Kiorma wa rika langu, ananukia moshi na maziwa. Tulipanga reli juu ya mlango wa zamani, uani, nyanya akipepeta mchele pembeni. Kushoto tukaita kwetu. Kulia tukaita kwao.

Treni ikaenda kwetu. Kwao ikakataa. Unabonyeza kitufe, swichi kimya.

"Mla samaki, treni yako inaogopa ng'ombe!"

"Inaogopa harufu yako!"

Nyanya alicheka mpaka ungo ukamponyoka.

Tulitafuta siku nyingi. Betri tukaigusisha balbu ya tochi, inawaka. Kitufe kizima. Swichi ina koili mbili, zile nyaya zilizozungushwa zinazoivuta, moja ya kila upande. Ile ya kwao nikaigusisha betri moja kwa moja: tak! Ikaruka. Kila kitu kizima na bado haifanyi kazi, hapo ndipo kichwa kinapasuka. Na mawingu yalishaanza kujikusanya. Mvua ikinyesha ng'ombe wanaondoka, na yeye pamoja nao. Alitaka kuiona ikifika kwao kabla hajaenda. Hilo tu.

Asubuhi moja nikakuta reli na swichi zinang'aa. Rafiki yangu amezipaka samli, vile kwao wanavyopaka ngozi zisikakamae. Vumbi likaganda juu yake, na sasa hata upande wa kwetu treni haikwenda. Nikalipuka.

"Kumbe ni wewe unayeiharibu tangu mwanzo, na mikono yako ya samli! Rudi kwa ng'ombe wenu, usikanyage hapa tena!"

Alichukua fimbo yake, akaenda.

"Mfuate," nyanya aliniambia. "We mtoto, mfuate sasa hivi."

Sikumfuata.

Siku ya tatu mvua ikatufungia ndani. Nikafuta samli kwa kitambaa, nikaugeuza ule mlango. Kule chini, waya wa kwao nilikuwa nimeuunga kwa fundo la ndoana, vile nyanya alivyonifundisha kufunga mshipi. Fundo gumu, kambale mzima hakati. Lakini waya sikuukwangua plastiki yake kabla ya kufunga. Umeme ungepita wapi? Fundo langu, mkono wangu.

Nikakwangua kwa kisu, nikasokota, nikabonyeza. Tak. Treni ikapinda, ikaenda kwao polepole, ikafika. Hakuna aliyeshangilia.

Nikatoka mbio kwenye mvua mpaka walikokuwa wamepiga kambi. Nilikuta majivu, na nyayo za ng'ombe zimejaa maji.

Nyanya hayuko tena. Nyumba ilibebwa na mafuriko, na treni ikaenda nayo. Ukame ulimaliza ng'ombe wengi, na wale watu hawateremki tena pale kama zamani. Siku za mnada wa mifugo hapa Garsen nafunga kibanda nikaangalie nyuso, nikimtafuta. Sijui hata kama sasa ana ndevu.

Na mtu akiwasema vibaya watu wa ng'ombe mbele yangu, tunakosana hapo hapo. Wananiuliza, "Kwani hao ndugu zako? Walikufanyia nini?" Nainamia kazi yangu. Hawakunifanyia kitu. Ni mimi niliyemfukuza mmoja wao.