Nyumba Niliyokatazwa Kuihoji

Sheria ya kazi yetu ilikuwa fupi: humhoji mtu wa damu yako. Nilitia sahihi siku ya kwanza bila kufikiri, nikaona afadhali, nyumba moja imepungua kwenye orodha yangu. Haikunipitikia kwamba nyumba ile lazima ipewe mtu mwingine, na kwamba mtu huyo atakaa sebuleni kwetu, mbele ya mamangu, na mimi nitatakiwa nitoke.

Aliyepewa alikuwa mwanamke mwenzangu wa ofisini. Tuliajiriwa Jumatatu moja, tukapewa meza mbili zinazotazamana. Yeye alizaliwa Buxton. Babake alitoka bara kuja kufanya kazi ya reli akabaki, na mwenzangu alisema Kiswahili kizuri cha Mombasa ila kwa sauti ya kanisani, taratibu, kila neno limemalizwa. Mimi ni wa Kibokoni, Mji wa Kale, nimezaliwa humo na ningali humo. Nilimfundisha namna ya kupiga hodi nyumba zetu, namna ya kungoja mwanamke ajitande leso yake, na kwamba ukikaribishwa chai usiseme una haraka. Alijifunza upesi. Baadaye nilitamani ningemfundisha nusu tu.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa kuzifuata familia za kisiwani mwaka hadi mwaka. Tulipita nyumba kwa nyumba tukiuliza watu wanakula nini, wanalalaje, nani ana presha, nani ana sukari, nani amezaa, nani amefiwa. Majibu yale yaliunganishwa na mafaili ya hospitali na sajili ya vifo, ili miaka ikishapita mingi madaktari waweze kusema: waliokuwa hivi wakati ule, leo wamefika hapa. Kila nyumba ilibandikwa namba juu ya mlango, na kila mtu akawa na namba yake. Majina yalifungiwa mahali pengine.

Mwaka wa kwanza mwenzangu alipokuja kwetu, dodoso lilikuwa la dakika arubaini. Nilitoka nikaenda kukaa kwa jirani. Alasiri ilipoadhiniwa bado hajatoka. Niliporudi nilikuta sinia la mahamri limebaki mawili, na mamangu amevaa leso yake mpya, ile ya kwendea arusini.

"Mwenzio ana adabu," aliniambia. "Akikuuliza jambo, hunyamaza akakusikiliza."

"Ndiyo kazi, mama. Tumefunzwa sote."

"Haya," akasema, na akayafunika yale mahamri mawili kama kwamba yana mwenyewe.

Mwaka wa pili mamangu alimuulizia wiki mbili kabla. Mwaka wa tatu alimpikia. Mimi, ninayelala naye nyumba moja, ninayempima presha kila Ijumaa, nilikuwa napata "sijambo" na "alhamdulillahi" na basi. Nikirudi kazini naye ameshatoka kwetu, nilimtazama mwenzangu akiingiza majibu kwenye kompyuta na nilitaka kujua amecheka kwa nini, ameandika nini. Hakunitajia hata neno. Nilikuwa namuuliza kwa kuzunguka: "Mama alikusumbua?" Naye hunijibu, "Mama ni mzuri sana," halafu hunipa nusu ya viazi vyake vya karai.

Ilikuwa ni juu ya viazi vile vile nilipompa fikira yangu. Shida yetu kubwa ilikuwa kuunganisha mafaili. Mwanamke mmoja wa Mji wa Kale huandikwa hospitali kwa jina la babake, kliniki kwa jina la mumewe, na siku akifa huandikishwa na mtu aliyemjua kwa jina la mwanawe wa kwanza. Kompyuta huona wanawake watatu. Nilimwambia, tuwe tunauliza jina la mama wa mtu na mtaa aliozaliwa, kwa sababu hivyo havibadiliki. Alisimamisha kula. "Hilo jambo kubwa," akasema.

Kwenye mkutano alilisema yeye. Nitamtendea haki: alisema "tumefikiri", tena akanigeukia. Lakini mkuu wetu, daktari mwenye miwani na mambo mengi, alisikia sauti moja tu. Toka siku ile akawa anamwita yeye. Na zilipokuja nafasi za kwenda nchi moja ya kaskazini kujifunza miezi sita, tuliomba wawili, akachaguliwa mmoja.

Tulikuwa tumesomeshwa habari za nchi zile mpaka tukaziota. Huko mtoto akizaliwa hupewa namba, na namba ile humfuata hospitalini, dukani kwa dawa, shuleni, mpaka kaburini. Mtafiti hana haja ya kuzunguka na jua la saa saba akiuliza watu walizaliwa mtaa gani. Hukaa kwenye kiti akaona maisha ya nchi nzima, hakuna aliyepotea njiani. Niliwaonea wivu watu wale kabla sijamwonea yeye. Kisha nikamwonea yeye kwa ajili yao. Nilimpongeza mbele ya watu, nikamkumbatia, nikahisi mikono yangu imekuwa kama ya mtu mwingine.

Kabla hajasafiri, nyumba zake ziligawanywa. Mimi nilipewa kumi na tisa na ruhusa ya kuzifungua kwenye kompyuta ili nisome yaliyopita. Ya kwetu haikuwamo kwenye orodha, lakini ruhusa ilipotolewa ilifunguliwa kwa mtaa mzima, kwa makosa. Namba ya nyumba yetu naijua. Napita chini yake kila siku.

Ilikuwa saa sita za mchana, wenzangu wamekwenda kusali na kula. Niliandika namba ile nikabonyeza. Sitasema mkono uliteleza. Nilitaka kuona ni kitu gani alichopewa yeye nikanyimwa mimi.

Kurasa za kwanza nilizijua: presha, miguu kuvimba, usingizi mchache. Nilianza kuona haya. Kisha nikafika kwenye uzazi. Watoto waliozaliwa hai: watano. Walio hai sasa: wanne. Mimi na wadogo zangu tu wanne. Nikasoma tena, nikidhani mwenzangu amekosea kubonyeza. Chini yake: mtoto wa kwanza, msichana, alifariki akiwa na miaka miwili, homa na degedege. Na kwenye nafasi ya maelezo, kwa ile namna yake ya kumaliza kila neno: "Mama anaomba jambo hili lisitajwe nyumbani."

Maisha yangu yote nimeitwa kifungua mimba. Nilipewa heshima yake na mizigo yake. Mimi ndiye niliyeacha kusoma mwaka mzima babangu alipougua, kwa kuwa ndiye mkubwa. Mimi ndiye niliyeulizwa wadogo zangu walipoposwa. Nilikaa mbele ya kompyuta ile nikawaonea wivu watu wawili kwa wakati mmoja: mwenzangu, aliyeambiwa, na mtoto wa miaka miwili, aliyenitangulia kulala kwenye mapaja ya mamangu. Naona haya kuliandika hili la pili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jioni ile nilikwenda Buxton, kwenye nyumba mpya za ghorofa alikohamia. Sanduku lilikuwa wazi kitandani na juu yake koti zito jeusi la mtumba. Alinikaribisha kwa furaha. Sikukaa.

"Umejua miaka mitatu," nikamwambia.

Alinitazama. Hakuuliza amejua nini. "Umefungua," akasema.

"Umejua miaka mitatu, na kila siku mchana tunakula sahani moja."

"Nilijua, ndiyo. Aliniambia mimi niliyekwenda kumuuliza. Hakukuambia wewe. Ningekuambia ningekuwa nani?"

"Ungekuwa shoga yangu."

"Ningekuwa mwizi," akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. Alikunja shati akaliweka sandukuni, akalitoa, akalikunja tena. "Kila faili likifunguliwa, kompyuta huandika nani kafungua na saa ngapi. Wajua hivyo. Nenda kesho ukamwambie daktari kwa mdomo wako, kabla hajaona mwenyewe. Nakuomba, dadangu."

Nilitoka bila kumwambia safari njema. Njiani nilikuwa namchukia kwa lile neno moja, mwizi, kwa kuwa hakuwa na chuki alipolisema. Hata nafasi ya kugombana naye alininyima.

Nilimwambia daktari asubuhi. Hakunifokea. Alivua miwani akaisafisha kwa muda mrefu, akasema utafiti wote umesimama juu ya kitu kimoja, kwamba mama wa Kibokoni akitwambia neno, halitoki. Niliondolewa kwenye mafaili na kwenye nyumba, nikapelekwa chumba cha nyuma kupanga karatasi kuukuu za hospitali kwa tarehe. Nilikaa humo miezi minane. Lakini kulikuwa na jambo zito zaidi: mwenye siri lazima aarifiwe, na aulizwe kama anataka kuendelea au maelezo yake yafutwe yote.

Daktari alikuja nyumbani mwenyewe, pamoja na dada mmoja wa ofisi ya maadili. Safari hii mimi sikutolewa. Mamangu alijitanda, akawapokea, akauliza hali za watoto wao. Yule dada alieleza pole pole: mtu asiyeruhusiwa amesoma majibu yake. Akasema mtu mwenyewe ni nani.

Mamangu hakunitazama. "Amesoma yote?"

"Yote, mama," nikasema.

"La mtoto?"

"La mtoto pia."

Alianza kuchezea upindo wa leso. Daktari alimwambia ana haki ya kujitoa, na kwamba akitaka watakifuta kila kitu siku hiyo hiyo, pasibaki hata namba.

"Mtamfuta na yeye?" mamangu akauliza.

"Nani, mama?"

"Mwanangu. Alokufa."

Daktari alisema ndiyo, kila kitu.

"Basi musifute," akasema. "Yule hana cheti. Alizaliwa nyumbani, akafa nyumbani, babake akamzika kabla ya adhuhuri. Hakuna karatasi yoyote duniani iliyo na yeye ila hiyo yenu. Miye nikifa, ndiyo imekwisha. Mwacheni awemo."

Walipoondoka alibaki pale pale kwenye mkeka. Niliketi karibu yake nikamwomba radhi. Alinipa, kwa mkono tu, bila maneno. Nilipaswa kunyamaza hapo. Lakini lile lililonikaa rohoni lilitoka.

"Mbona ulimwambia yeye, mama? Mtu baki. Mbona si mimi?"

"Hukuniuliza."

"Ningejuaje la kuuliza?"

"Na yeye hakujua. Aliniuliza nimezaa wangapi. Nikamwambia wanne. Akaandika. Halafu hakwenda kwenye swali jingine, alikaa tu, na kalamu yake. Mimi nikaona, huyu ana nafasi. Nikamwambia watano." Alinitazama mara ya kwanza toka asubuhi. "Wewe ukinipima presha, mwanangu, huwa umeshasimama."

Nilitaka kujitetea. Nilikuwa na kazi, nilikuwa na nyumba nzima juu ya kichwa changu. Lakini ilikuwa kweli. Kipimo hukivua mkononi mwake huku natafuta viatu.

Mwenzangu alirudi baada ya miezi sita, amenenepa kidogo, akapewa kusimamia idara. Ni mkubwa wangu sasa. Alituonyesha kwenye ukuta namna wenzetu wa huko wanavyofanya, na akasema jambo lililonifanya niangalie chini: huko hata mtoto aliyeishi saa moja ana namba yake, na mamake akitaka kumwona aliandikwaje, huandika barua akaonyeshwa. Nilifikiri juu ya mama wale wa kaskazini, na nikawaonea wivu kwa niaba ya mtu mwingine, jambo ambalo sikuwa nimelizoea.

Tunakula pamoja tena, lakini kila mtu na sahani yake. Aliniomba nirudi kwenye kuunganisha mafaili, na kwenye ripoti ya mwaka ameandika kwamba fikira ya jina la mama na mtaa ilikuwa yangu. Nilimshukuru. Ilikuwa rahisi zaidi kuishi naye alipokuwa na kosa.

Na mamangu ananisimulia sasa. Ijumaa baada ya kupima presha nakaa chini. Ameniambia yule mtoto alikuwa akipenda kulala na kipande cha leso mdomoni, na kwamba alisema "tui" kabla ya kusema "mama". Amenitajia jina lake, ambalo sitaliandika hapa. Namsikiliza. Lakini nasikia jinsi maneno yalivyo tayari, yanavyofuatana bila kukwama, na najua kuna mtu aliyeyapokea yalipokuwa bado yanamsonga, aliyekaa sebuleni petu na kalamu yake akangoja. Mimi nasimuliwa mara ya pili. Nachukua ninachopewa, na Ijumaa ikifika nawahi kurudi nyumbani.