Dakika Kumi za Fundi wa Minara

Fundi saa yule hakujua kuendesha gari, na wala hakuona aibu kusema hivyo. Gari lilikuwa la mkewe. Mama huyo alikuwa ameendesha gari la wagonjwa la hospitali kuu kwa miaka ishirini na sita, mpaka alipostaafu, na hakuna kona iliyowahi kumtisha. Kazi ya mume ilikuwa kupanda minara. Kila mwaka, barabara za milimani zilipokauka, walifunga safari ya siku tano, wawili tu, wakivuka njia tatu za juu kati ya vilele na kupita katika miji minne ya kale. Kila mji ulikuwa na mnara wake, na kila mnara saa yake kubwa ya kugonga, mashine ya chuma ya zamani za kale ambayo haikukubali kuguswa na mtu mwingine ila yeye. Au ndivyo alivyopenda kusimulia, na hakuna aliyejisumbua kumbishia.

Basi kazi ilikwenda hivi. Mke aliegesha gari chini ya mnara, akalaza kiti nyuma, akajifunika uso kwa kitambaa na kulala. Mume alibeba mkoba wa vifaa akapanda ngazi, akasafisha meno ya magurudumu, akatia mafuta, akakaza nyaya, na mwisho akalinganisha mishale na saa yake ya mkononi. Saa hiyo ya mkononi ndiyo ilikuwa hakimu. Aliirekebisha kwa mlio wa redio alfajiri ya siku ya kuondoka, na baada ya hapo ilikuwa mwiko kuigusa mpaka warudi nyumbani, ailinganishe tena na redio na kujua imepoteza nukta ngapi. Simu hakuitaka kabisa. Kumwuliza karani wa mji saa ngapi hakungeweza hata kumpitia akilini. Nani amwulize nani? Na saa ya ndani ya gari lao ilikuwa imekufa siku nyingi. Kila safari aliahidi ataitazama kesho, na kesho hiyo sasa ilikuwa imefikisha miaka minane.

Mwaka huu walianza vizuri ajabu. Mji wa kwanza ulikuwa ule wa ngome, wenye vichochoro vya mawe ambamo gari hupita kwa kukunja vioo vya pembeni. Saa yake aliikuta imechelewa dakika kumi na nne. Wakavuka mlima wa kwanza. Mji wa pili, wenye madaraja saba juu ya mto mmoja mwembamba, saa ilikuwa imechelewa dakika tisa. Wakavuka mlima wa pili, gia ya pili tangu chini mpaka juu, masikio yakiziba na kuzibuka. Mji wa tatu una lango kubwa la mawe ambalo halina tena ukuta wowote wa kulifungia, na humo saa ilichelewa dakika kumi na moja.

"Mwaka huu zimeshikwa na uvivu wote pamoja," alimwambia mkewe waliposhuka kulala kwenye nyumba ya wageni.

"Labda zimezeeka," mkewe akajibu, akivua viatu.

"Kama sisi."

"Sema wewe. Mimi bado nipo."

Wakacheka. Tena mke alikuwa na furaha ya pekee safari hii, kwa sababu mumewe, ambaye kwa kawaida huvuta muda kama analipwa kwa kuchelewa, alikuwa akitoka kila mahali kwa wakati. Mwaka uliopita alipiga domo na mlinzi wa mnara mpaka wakaukuta mlima wa tatu umejaa ukungu, na mama akaendesha saa nzima kwa kufuata mstari mweupe wa pembeni tu, korongo upande wa kushoto. Safari hii waliuvuka mlima huo jua likiwa bado changa, bonde zima liko wazi chini yao, na katikati ya asubuhi wakaingia mji wa nne.

Karani wa mji wa nne alikuwa anawasubiri mlangoni pa ofisi yake. Mke alikwenda kutafuta chai na mkate. Karani, kijana mwenye adabu, alimshika mzee mkono kwa mikono miwili, na hapo hapo fundi akahisi kuna jambo.

"Mzee wangu, shikamoo. Samahani sana. Wenzangu wa kule ulikotoka wamepiga simu. Wote watatu."

"Marahaba. Wanasemaje?"

"Wanasema saa ziko mbele, mzee. Dakika kumi. Kule kwenye ngome basi la asubuhi limeondoka kwa saa ya mnara na kuacha watu kumi na wawili kituoni. Kwenye madaraja, karani mwenyewe aliirekebisha saa yake ifuate ya mnara. Alisema fundi hawezi kukosea. Sasa amewahi mikutano yote siku mbili mfululizo na wakubwa wake wana wasiwasi naye."

Fundi hakucheka. Akaomba kuona saa ya ukutani ofisini. Ilisema saa nne kasoro dakika kumi. Ya mkononi mwake ilisema saa nne kamili. Karani akatoa simu yake, ikakubaliana na ukuta.

Mtu mwingine angesema saa imeharibika, yakaisha. Lakini huyu alikuwa fundi. Akapanda mnara, akatia mafuta, akasafisha, na baada ya saa nzima akashuka na kulinganisha tena. Tofauti ilikuwa ile ile, dakika kumi, hata nukta moja haikuongezeka. Saa inayokimbia huendelea kukimbia. Hii ilikuwa nzima kabisa, inatembea kama ilivyotakiwa, ila ilikuwa imewekwa vibaya tangu mwanzo. Na mtu aliyeiweka ni yeye, alfajiri ile, redio ikiwa mbele ya pua yake. Aliukumbuka mlio wa mwisho. Aliukumbuka vizuri kabisa, na hilo ndilo lililomtisha, maana baba yake naye alikuwa akikumbuka vizuri kabisa mambo ambayo hayakuwa hivyo.

Baba yake alikuwa fundi saa vilevile. Ugonjwa wake ulianzia kwenye benchi la kazi. Kwanza saa ya mteja ilitoka ikiwa na kosa la robo saa. Halafu nyingine. Halafu akaanza kuuliza mkewe yuko wapi, na mkewe alikuwa amezikwa. Miaka mitatu baadaye alikuwa anamwita mwanawe "bwana mkubwa" na kumshukuru kwa kuja kumtembelea.

"Sogeza mishale wewe mwenyewe," fundi alimwambia karani. "Ifuate simu yako. Mimi sitaigusa."

Karani alidhani mzee anatania. Alipomwona usoni, akapanda ngazi.

Mke aliporudi na mkate, mumewe alikuwa ameshakaa ndani ya gari, amefunga mkanda, mkoba wa vifaa umelala miguuni. "Nirudishe nyumbani," alisema. Alipoulizwa kulikoni, alirudia maneno hayo hayo. Mama aliwahi kubeba watu wengi wasiotaka kusema. Akawasha gari.

Walipanda mlima. Kona ya kwanza, ya pili, ya saba. Malori yaliyokuwa yakishuka yalinuka breki. Fundi alitazama mikono yake mapajani na kuhesabu kichwani majina ya wajukuu, kutoka mkubwa mpaka mdogo, kisha kutoka mdogo mpaka mkubwa, akiona kama lolote litampotea. Karibu na kilele akasema, bila kumtazama mkewe:

"Tukifika, waite watoto. Nataka niwaambie mimi mwenyewe kabla sijaanza kusahau. Imenianza, mama watoto. Kama baba."

"Imekuanza nini?"

Akamweleza yote. Karani, simu tatu, basi lililoacha watu, ile saa nzima ya kulinganisha. Alieleza taratibu na kwa mpangilio. "Saa ni nzima. Mkono ulioiweka ndio mbovu. Miaka arobaini sijakosea hata nukta tano, leo dakika kumi. Nitaacha kazi. Wewe usihangaike sana na mimi, nikifika pale alipofika mzee, nipelekeni kokote."

Gari lilikata kulia ghafla, likaingia kwenye uwanja wa kokoto ambapo madereva hupumzisha injini, likasimama. Mama alivuta breki ya mkono. Alikuwa amejishika mdomo.

"Ni mimi," alisema.

"Ni wewe nini?"

"Nimeisogeza mimi. Hiyo saa. Alfajiri ile, ulipokwisha kuiweka kwa redio ukaenda kuoga, uliiacha pale juu ya rafu. Nikaipeleka mbele dakika kumi."

Mume aliinua mkono, akaitazama saa yake.

"Kwa sababu ya ule ukungu wa mwaka jana," mama akaendelea, maneno yakimtoka mbio. "Nilikuambia tuondoke, ukasema bado mapema. Nikaapa sivuki tena mlima huu ukunguni kwa ajili ya hadithi zako na walinzi. Nikasema nikimwibia dakika kumi tu, tutawahi. Na si tumewahi? Sikujua unaweka minara kwa hiyo! Mimi nilidhani huko juu mna chombo chenu. Nitajuaje, sijawahi hata kupanda!"

"Miaka thelathini na nane ya ndoa," mume alisema polepole, "ulidhani nina chombo."

"Ulikuwa unapanda na mkoba mkubwa sana."

"Sema tena."

"Mkoba ulikuwa..."

"Hilo la kwanza. Sema tena."

"Ni mimi niliyeisogeza. Dakika kumi. Kwa mkono wangu huu."

Fundi alifungua mlango, akashuka, akasimama kwenye kokoto. Upepo ulipeperusha koti lake. Mabonde yalikuwa pande zote mbili, mji wa nne huku na mji wa tatu kule, paa zake nyekundu ndogo kama punje. Akashusha pumzi ambayo ni kama alikuwa ameibana tangu asubuhi, halafu akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikawa kilio, akajifuta kwa kofia yake bila kujali dereva wa lori aliyekuwa akila chungwa pembeni na kumtazama. Alifurahi. Hakuwahi katika maisha yake kufurahi kiasi hicho kwa kutendewa ubaya.

"Hukasiriki?" mkewe aliuliza kutoka dirishani.

"Nitakasirika baadaye. Kwa sasa niache."

Akaiomba simu ya mkewe, akairekebisha saa yake hapo hapo mlimani, akavunja mwiko wake wote kwa mara moja, na wakateremka kwenda mji wa tatu kusahihisha.

Ile hasira ilimpata juu mnarani. Mke, kwa adhabu aliyojipangia mwenyewe, alipanda naye ngazi zote mia moja na nane, akisimama kila kona ya ngazi kushika kiuno. Huko juu akagundua jambo lingine asilolijua: saa ya kugonga hairudishwi nyuma. Ukilazimisha mishale kurudi, unavunja kitu. Inabidi uisimamishe, usubiri dakika zile zile ilizozidi, kisha uiachie. Fundi akaushika ule uzito unaoyumba, mashine yote ikanyamaza. Hakukuwa na la kufanya kwa dakika kumi nzima. Wakakaa juu ya boriti, mkoba katikati yao.

"Watu kumi na wawili wameachwa na basi!" alianza ghafla. "Kumi na wawili! Na wewe ndivyo ulivyo. Unajua la kufanya, husemi. Kama lile koti langu la kijivu ulilompa shemeji yako bila kuniuliza, Jumanne ile, mvua inanyesha, mwaka aliozaliwa binti yetu wa pili. Vifungo vyake viwili nilikuwa nimevishona mimi, uzi wa buluu!"

"Uzi wa buluu," mke alirudia.

"Na ile redio! Ulisema imeanguka yenyewe. Ilianguka yenyewe vipi wakati ilikuwa kwenye rafu ya chini kabisa, kushoto, karibu na kopo la misumari? Siku hiyo ulikuwa na zamu ya usiku, ukaondoka nusu saa mapema ili nisikuulize. Unadhani sikuona?"

"Kumbe uliona. Na siku ya harusi ya kaka yako?"

"Usinianzishe na ile harusi! Viti vilikuwa mia na hamsini, wewe ukaniambia..."

Alikatiza, kwa sababu mkewe alikuwa analia. Hakulia kwa uchungu. Machozi yalimtiririka na huku anatabasamu kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Sasa unalia nini? Mimi ndiye niliyekosewa."

"Nimemuuguza baba yako," mama alisema. "Alikuwa akinigombeza kila siku, kwa ajili ya chumvi, kwa ajili ya mlango, kwa ajili ya kila kitu. Siku alipoacha kunigombeza ndiyo siku niliyojua hayupo tena. Pale kwenye gari uliponiambia imekuanza, hata kabla sijakumbuka kosa langu, nilisikia nyumba yote imenyamaza."

Fundi alivuta nyuma mkono wa koti. Alitazama saa yake ya mkononi.

"Bado dakika nne," alisema.

Mkewe alifuta macho kwa kiganja, akajisogeza karibu, akauweka mkoba upande wa pili. "Basi endelea," alisema. "Harusi ya kaka yako. Viti vilikuwa mia na hamsini."