Ikwap na Saa Sita za Petta

Ikwap ni mtu mwema, na ndiyo sababu anachosha. Mtu mbaya ungemfokea ukapumua. Yeye ukimfokea anacheka, anakumiminia chai, kisha anarudi kwenye kompyuta yake kunakili na kubandika.

Sote wawili tunachambua takwimu katika ushirika wa wafugaji hapa Tororo. Mimi upande wa malisho, yeye upande wa maziwa. Makarani wa vituoni, kuanzia Kwapa hadi Lunyo, huandika saa maziwa yalipoondoka. Huandika kama tunavyosema: saa moja asubuhi ni 1. Mashine ya tangi letu, ikipokea maziwa, saa hiyo hiyo huiandika 7. Kwa hiyo lazima programu iongeze sita kwenye saa za vituoni kabla ya kupima urefu wa safari.

Ikwap aliandika hesabu hiyo kwa kituo cha Kwapa, akainakili kwa Lunyo, akainakili kwa kila kituo, amri zile zile ukurasa baada ya ukurasa. Nilimwambia mpaka koo likakauka: andika fanksheni! Kipande kimoja cha amri, ukipe jina, ukiite popote unapokihitaji. Ukikosea, unarekebisha pahali pamoja.

"Harriet, hii nakwenda vizuri. Wewe nasumbua bure," akasema.

Ikaenda vizuri hadi ripoti ilipotoka ikisema maziwa ya kituo cha Petta hukaa njiani masaa saba. Masaa saba, kutoka Petta hapo jirani! Hata ng'ombe mwenyewe angetembea akafika mapema zaidi. Lakini ripoti ilikuwa na michoro ya rangi, na mwenyekiti wetu, mzee Omaido, huamini chochote chenye rangi. Akamwachisha kazi Apio, mama anayeleta maziwa ya Petta kwa pikipiki, eti anazurura na maziwa ya watu.

Hasira zilinipanda. Nikakaa kando ya Ikwap tukasoma amri zake mstari kwa mstari. Kwapa, sita imo. Lunyo, sita imo. Petta, haimo, aliiruka akibandika. Apio alikuwa akiondoka saa moja na kufika saa mbili, basi; programu ilitoa 1 ya karani kwenye 8 ya mashine, ikapata saba.

Safari hii Ikwap hakucheka. Aliandika fanksheni palepale, akaipa jina saa_yetu, akafuta kurasa nzima za marudio. Kazi niliyomsihi mwaka mzima aliimaliza kabla chai haijapoa. Nilitamani kumpongeza na kumzaba kibao kwa pamoja.

Tulipomweleza, mzee Omaido akampigia Apio simu mbele yetu, spika ikiwa wazi. Akaomba radhi, akaeleza habari za programu na sita iliyopotea, akamwambia arudi kesho.

Apio akamjibu:

"Mzee, kila asubuhi wewe nasalimia mimi hapo getini. Nauliza watoto, nauliza mvua ya Petta. Si ungeniuliza na saa?"

Kesho yake hakuja, wala keshokutwa.