Picha za Wamama wa Kibumba

Muone anavyoingia ofisini: mwanaume mrefu, karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki, anafuta vidole kwenye suruali kabla ya kusalimia. Huyu ndiye mchoraji ambaye Charline alimwagiza picha za tovuti yake mpya ya kuuza mboga za wamama wa kijiji cha Kibumba. Kila anapotoa karatasi anataja jina la mama aliyemchora, kwa sauti ya chini. "Huyu mama Riziki, kitambaa anafungia kushoto." Chukudu ya viazi, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ameichora mara tatu, maana wasukumaji wake walimcheka: "Muzee, na hilo gurudumu tutafia kwenye mteremko!"

Siku hiyo Charline alishindwa kumtazama. "Papa, utusamehe. Tulifungua tovuti jana, hatukuweza kungoja, tukaweka picha za tayari, za internet." Mchoraji hakukasirika. Aliomba simu, akaikuza kwa vidole viwili picha ya mwanamke mgeni anayechekea kikapu cha nyanya. "Huyu mama anauzaga wapi?" Akamrudishia Charline simu. "Na wale wamama niliowaambia wataonekana humu?" Akaacha karatasi zote mezani, akaaga kwa heshima. Kubadilisha picha za tovuti ni kazi ya dakika kumi. Sasa niambie wewe, kwa nini mpaka leo Charline hajazibadilisha?