Siku Mama Alipotoa Upepo wa Klachi

Mafuta ya breki yana harufu yake, wenzangu: tamu kidogo, kali kidogo, na yakishaingia kwenye nguo hayatoki kwa sabuni wala kwa udi. Juzi nilipita penye gereji moja mjini Chake, harufu ile ikanishika, nikasimama kama niliyeitwa kwa jina. Nikajiona nipo Wingwi tena, kijijini kwetu, mtoto wa kike wa chuo cha Kurani, magoti yote makovu, siku mama yangu alipolala chini ya gari.

Gari yenyewe ilikuwa ya baba, ya abiria, bodi ya mbao, rangi ya kijani iliyochujuka. Ilichukua watu, kuku na mihogo hadi Wete, ikarudi na watu na vikapu vya dagaa. Siku moja baba aliteleza juu ya bodi akifunga mizigo, akaanguka, akavunjika nyonga. Akawa wa kulala tu, kitanda kimesogezwa kwenye dirisha la uani apate hewa, na yeye kajigeuzia ukutani. Gari ikakaa uani, na klachi nayo ikafa.

Baba Mkubwa, kaka yake baba, akaamua gari iuzwe. Mnunuzi alikwishampata Konde. Baba hakumpinga. Alisema, "Uza," basi. Aliyekataa ni mama. Alimwita fundi kutoka Wete, na asubuhi klachi mpya ikafungwa. Adhuhuri fundi akaenda kuswali, na huko msikitini Baba Mkubwa akamwambia kuwa atakayeigusa tena gari ile wasijuane naye. Aliporudi alikusanya spana zake bila ya kututazama usoni. Alimweleza mama kwa haraka kilichobaki, kutoa upepo uliojificha ndani ya mafuta ya breki yanayosukuma klachi, maana bila ya hivyo gia haziingii. Akaenda zake.

Mama alimsindikiza kwa macho. Kisha akajifunga kibwebwe, akatoa spana za baba, akatandika jamvi kuukuu chini ya gari.

"Mgeni, panda," akaniita kwa jina langu. "Nikisema kanyaga, kanyaga. Nikisema shikilia, usiachie hata ukiumwa na siafu."

Nikasimama juu ya pedeli ya klachi kwa miguu miwili, nimeukumbatia usukani. Pedeli ilizama bila ya ubishi, kama ninakanyaga mkate wa kumimina. Huko chini mama alilegeza kijiskrubu, mafuta yakapita kwenye kipira chembamba hadi chupani, yakitoa mapovu. Akakaza, ndipo akaniambia niachie. Kanyaga, shikilia, achia. Majirani wakajaa uani. Bibi mmoja akasema dunia imekwisha, mwanamke yumo mvunguni mwa gari. Mama akamjibu huko huko chini kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye keshainama.

Pedeli ikaanza kuwa ngumu, nikafurahi. Mara ikazama tena kama mwanzo. Tukarudia, ikazama. Mama akaweka spana chini, na mie machozi yakanilenga.

Ndipo ikatoka sauti dirishani, ikimwita mama kwa jina.

"Kopo, Time. Kopo limekauka, mnavuta upepo mpya."

Mama akatoka chini, akafunua kopo la mafuta ya klachi. Tupu. Akalijaza. Hakumshukuru mumewe, wala hakumtazama, aliuliza tu, "Na sasa?"

"Anzeni upya. Na mtoto asiachie kabla hujakaza."

Tangu hapo baba ndiye aliyeamrisha, kalala vile vile, lakini uso umeelekea kwetu. Pedeli ikapanda, ikakaza, hata ikawa inanirusha.

Baba Mkubwa akafika na mnunuzi, kila mmoja na baiskeli yake. Mama, mafuta mpaka viwikoni, akawaamkia kwa adabu.

"Gari haiuzwi, shemegi."

"Mwenyewe keshasema iuzwe."

Mama hakubishana. Alipanda, akawasha, akakanyaga klachi, gia ikaingia bila ya kelele. Baba alikwishamfundisha kuisogeza uani wakati wa kuiosha. Gari ikaja taratibu mpaka mnunuzi akaondoa baiskeli yake njiani. 

"Kaka," baba akasema dirishani, "haiuzwi."

Binamu yake mama akaiendesha mpaka baba aliposimama tena, kwa mkongojo kwanza. Kwa miaka niliamini kuwa siku ile mama alipigania gari. Nilipokuwa mtu mzima, nina mume na nimeshamuuguza, ndipo nilipofahamu kuwa alikuwa akigombana na ule ukuta baba alioutazama. Mtu aliyekwisha kusema "uza" amekwisha kujiuza na yeye mwenyewe.

Wazee walimtaka amwombe shemegi yake radhi kwa kumfedhehi mbele za watu. Mama alikwenda. Alimwamkia, akampa mkono, akauliza hali za watoto, akanywa kahawa mpaka masimbi ya chini ya kikombe. Kisha akaaga, akarudi nyumbani. Radhi hakuiomba.